Chakula cha Watasema

Mimi ni mpishi. Tangu asubuhi mikono yangu iko ndani ya sufuria, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kukaa akitunga hadithi. Haya ninayokuambia yalinipata mimi mwenyewe, hapa Bunia, mtaa wa Mudzipela, nikiwa macho kabisa na mwiko mkononi. Sikuota. Sikuonja pombe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Nina malewa, yaani kile kibanda cha chakula kando ya barabara: mabenchi mawili, meza moja, turubai juu, mbao kuzunguka pande zote, na majiko ya makaa. Napika bugali, ndio ugali wetu wa huku, maharage, wali, na makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye wateja wangu hawamchoki. Siku samaki wabichi wakifika kutoka ziwani, nao napika. Wateja wangu wengi ni waendesha pikipiki. Wanakula haraka, wanasema sana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyepewa kipande kikubwa.

Na nilikuwa na mbwa. Jina lake Watasema. Kwetu mtu akitaka kumfikishia jirani neno bila kugombana naye, analifanya neno hilo jina la mbwa, kisha kila jioni anamwita mbwa wake kwa sauti ya juu. Tulipofika hapa kutoka Butembo, mbwa akiwa juu ya magunia ya maharage, jirani mmoja alisema, hawa hawana hata kitanda na wamekuja na mbwa! Jioni hiyo mume wangu akaanza kuita. Jirani alielewa vizuri sana.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini nilimpenda, maana najua utasema huyo ni mbwa tu. Kuna siku mtaa wetu ulikimbia vita. Sitaki kueleza sana, aliyeishi huku kwetu Ituri anazijua siku hizo. Katika kusukumana, mkono wa binti yangu Kavira ulitoka mkononi mwangu. Alikuwa mdogo, hata jina la mtaa wetu hakulijua. Nilimtafuta mchana kutwa nikilia kama mwehu. Nilimkuta jua linazama, amelala nyuma ya ukuta wa shule, na Watasema amejilaza mbele yake. Nilipokaribia, alinionyesha meno hata mimi, mpaka alipoitambua harufu yangu. Basi usiniambie ni mbwa tu. Nimekosana na watu kwa neno hilo.

Kavira alikua, akaenda kusoma Mambasa kwa shangazi yake. Na Watasema akazeeka. Jicho la kulia likaingia ukungu, likawa jeupe. Mguu wa mbele wa kushoto, uliogongwa na pikipiki zamani, akawa anaukunja tu kifuani. Zamani kila alfajiri alinisindikiza hadi malewa na kulala kando ya jiko, akijizungusha mara kadhaa kabla ya kujitupa chini. Mwishowe hakuweza tena kutembea hadi pale. Alibaki nyumbani, na mume wangu ndiye aliyempa chakula nilichokiacha.

Halafu akaacha kula. Bakuli linajaa, yeye analitazama, ananusa, anageuza uso. Nilijaribu kila kitu. Nilimletea mifupa ya kuku kutoka malewa. Nilimwagia bugali mchuzi wa makayabo ili upate utamu. Nilimnunulia hata kile chakula cha mbwa cha mfuko kinachotoka Uganda, vidonge vikavu, vigumu kama kokoto. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akamfumba, akasema ni uzee, mama, umwache apumzike. Apumzike vipi na mbavu zinahesabika? Kavira alikuwa karibu kurudi kwa vakansi, likizo ya shule, na kila akipiga simu, kabla hata ya kunisalimia, aliuliza, "Mama, Watasema iko muzima?" Nami nilijibu iko, mwanangu, iko, nikikata simu haraka. Niliogopa kwamba mtoto atakuja kukuta kaburi.

Sasa ndipo tunafika pale.

Ilikuwa jioni, mvua kubwa ikipiga. Waendesha pikipiki wote walikwisha kukimbia, na mimi nilikuwa nafunika sufuria ili nirudi nyumbani. Nikainua macho, nikamwona mzee amesimama chini ya turubai langu. Koti kubwa limelowa, ndevu nyeupe, mkono wa kushoto ameukunja kifuani kama mtu aliyevunjika. Sikumsikia akiingia. Je, mvua ndiyo iliziba masikio yangu? Ndivyo nilivyojiambia.

"Mama, uniwekeye kitu kidogo," akasema. "Miko na njala ya siku mingi."

"Karibu, papa. Kaa ku banki," nikasema, nikimwonyesha benchi.

"Hapa chini inatosha. Nimezoea hapa."

Nikashangaa, amezoea tangu lini? Mteja mgeni namjua kwa sura, maana sura za watu wenye njaa ndizo kazi yangu. Yeye akajizungusha polepole kando ya jiko, tena na tena, kama anayetafuta mahali penye joto, kisha akajishusha chini kwa mlio wa viungo. Nilimhurumia. Huyu mzee ana ugonjwa, nikasema moyoni, na watoto wake wako wapi?

Nikampa bugali na makayabo. Akainusa sahani bila kuigusa, akageuza uso.

"Iko na chumvi mingi, mama. Nikiikula, usiku mzima kiu inanisumbua, na maji iko inje na mulango iko ya kufungwa."

Nikampa maharage. Akanusa tena. "Iko na kitunguu. Kitunguu inaharibu damu yetu."

"Damu ya nani?"

"Yetu siye," akasema, basi.

Nikamletea bawa la kuku. Akafungua mdomo, akanionyesha. Meno yalibaki machache, ya kahawia. "Mufupa ya kuku yenye kupikwa inapasuka kama chupa. Itanitoboa ndani."

Niamini, mimi si mtu wa subira. Mvua inanyesha, mume wangu ananingoja, na huyu anakagua vyungu vyangu kama mtu wa serikali! Nikamwuliza, "Papa, weye ulikuja kukula ao kuhukumu? Sema basi unataka nini!"

Hakukasirika. Akaniinulia uso, na kwa mwanga wa makaa nikaliona jicho lake la kulia. Lilikuwa jeupe. Akasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Muchele, upike mpaka ulegee. Boga. Samaki ya ziwa, mubichi, utoshe miiba na vidole, usiamini macho. Chumvi apana. Ikuwe vuguvugu. Na isikuwe mingi: kidogo asubui, kidogo mangaribi. Tumbo ya muzee haiko gunia, Mama Kavira."

Wote wananiita Mama Kavira, hilo halikunitisha. Kilichonigusa ni sauti. Alikuwa anaomba kwa aibu. Nikawasha upya jiko. Wali ulikuwepo, nikauongezea maji ukalegea. Boga lilikuwepo. Samaki mbichi mmoja alikuwa amebaki, nikamchemsha peke yake, nikamchambua kwa vidole, mwiba baada ya mwiba, nikaviponda pamoja na kuvipoza. Kwa nini nilimfanyia mtu nisiyemjua kazi yote hiyo? Sijui. Labda kwa sababu kule nyumbani nilikuwa na mwingine ambaye hakula nilichompa, na huyu angalau alikuwa na mdomo wa kusema.

Nilipoweka sahani chini, hakutumia mkono. Aliinamisha kichwa, akala vile vile. Niligeuka upande mwingine ili nisimwaibishe. Nilisikia tu anavyokula, mbio kwanza, kisha polepole, na nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye mvua.

"Aksanti," akasema nyuma yangu. "Sasa umuambie Papa Kavira aache ile pilipili."

"Pilipili gani?"

"Ile anachanga mu bugali asubui, weye ukiisha kutoka. Haileti ukali. Inachoma tu. Lakini haiko mutu mubaya. Iko na woga. Usimugombeze sana."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mlango wa malewa yangu ni mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye huo mlango. Sahani ilibaki chini, imelambwa hata ikang'aa, na hewa yote pale ilinuka manyoya yaliyolowa. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya uchawi sijihusishi nayo, lakini siku ile niliita jina la Yesu nikiwa nakimbia, viatu mkononi, matope hadi magotini.

Mume wangu alikuwa ameketi karibu na taa. Nikamwuliza kabla ya salamu, "Watasema alitoka?"

"Atatoka namna gani? Tangu mvua ianze mulango iko ya kufungwa na miye niko hapa."

Watasema alikuwa amelala mahali pake nyuma ya mlango. Nikapiga magoti nikamshika. Alikuwa amelowa hadi tumboni. Na kwenye sharubu zake, sikudanganyi, kulikuwa na kipande kidogo cha boga, cha rangi ya machungwa. Nyumbani kwangu hakuna aliyepika boga wiki ile. Aliniangalia kwa lile jicho lake zima, akapiga mkia sakafuni.

"Papa Kavira," nikasema, "unamuwekeaka pilipili mu chakula?"

Taa ilikuwa kati yetu, na niliona uso wa mume wangu unabadilika.

"Nani alikuambia?"

"Wewe nijibu."

Akaeleza, akitazama chini. Wezi waliingia kwa jirani. Watu walimwambia jambo ambalo sisi wote tumelisikia tangu utoto, kwamba mbwa akila pilipili ukali wake unarudi. Basi kila asubuhi aliiponda na kuichanganya, kwenye bugali, kwenye mchuzi, hata kwenye kile cha mfuko alichokiloweka. Kila nilichochagua kwa upendo, kilifika kwa Watasema kikiwa moto.

"Mbwa yenye haiwezi kulinda, nani ataichunga?" akasema. "Wataniambia niitupe. Na miye je? Tangu waniondoshe ku kazi ya sentineli, ya kulinda, nashinda mu nyumba sawa yeye. Nilisema kama yeye anapata nguvu, pengine..." Akafunika uso kwa mikono.

Nilikuwa nimekuja na matusi kamili, mengine ya Butembo ambayo hajayasikia tangu tuoane. Niliyameza yote, kwa kuwa nilikuwa nimeombwa. Nikakaa kando yake, nikamshika bega. Nilimwonea huruma zaidi ya hasira, huo ndio ukweli.

Asubuhi yake sikwenda mapema kazini. Nilipika wali laini, boga, samaki asiye na mwiba wala chumvi, nikapoza, nikaweka kidogo. Sote wawili tulichuchumaa mbele ya bakuli kama wazazi wa mtoto mchanga. Watasema akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu, akimtazama mume wangu. Kisha akala. Nililia, na mume wangu alilia kunipita mimi.

Kavira aliporudi, Watasema alitembea mwenyewe hadi barabarani, kwa miguu mitatu, kumlaki. Mtoto alitupa begi lake matopeni. Vakansi nzima walilala pamoja nyuma ya mlango. Watasema aliishi tena msimu mzima wa mvua, akafa usingizini, tumbo limeshiba, mume wangu akiwa amemwekea mkono mgongoni. Kavira alijua ukweli wote kutoka kwangu, na yeye ndiye peke yake ambaye hakucheka.

Yule mzee sijamwona tena. Lakini hadi leo mteja akiirudisha sahani bila kuigusa, baridi inanipita mgongoni, namwuliza kwa upole shida ni nini. Na mume wangu ana kazi mpya. Kila asubuhi anapika sufuria ndogo isiyo na chumvi, anazunguka nayo Mudzipela kwa mbwa wazee wa watu, na anajua kila mmoja anapenda nini. Wengine wanasema tunalisha mashetani. Waseme.

Wewe unayenisikia, kama nyumbani kwako yupo mbwa aliyekutumikia na sasa anageuza uso mbele ya bakuli, usimpige, na usikubali haraka ukiambiwa ni uzee. Onja mwenyewe kile chakula. Uliza ni mkono wa nani uliokigusa baada ya wako. Fanya hivyo leo, akiwa bado mbwa, usingoje aje kukueleza mwenyewe.