Mlinzi wa Geti na Kamba ya Filimbi

Mdogo wangu ni mlinzi wa geti katika kiwanda cha sabuni. Alianza kazi hiyo mtoto wake wa mwisho akitambaa, na mtoto huyo sasa amemzidi urefu. Kazi yake ni kukagua magari yanayotoka, na jioni kuwapekua kina mama wa idara ya kufungasha wanaporudi nyumbani, maana kanuni ya kiwanda inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke, na pale mlinzi mwanamke ni yeye peke yake. Kiwandani wanamwita Afande. Mimi namwita Mdogo. Nilimlea mimi mama yetu alipofariki, kwa hiyo mkiniona nimekasirika katika haya ninayoyaandika, mjue ni hasira ya mzazi.

Mchana mmoja lori la mteja mkubwa lilifika getini likitoka, limefunikwa turubai. Mdogo akamwambia dereva ashuke afungue akague. Dereva akashuka, ila hakufungua kitu. Alishika kamba ya filimbi iliyokuwa shingoni mwa Mdogo, akaizungusha kwenye ngumi yake, akavuta. Kamba yenyewe ni ya nailoni, walinzi wote wanapewa waivae shingoni, ndiyo sare. Alivuta huku anacheka, anamwambia, "Haya Afande, piga filimbi sasa." Alipoona macho yanamgeuka akamwachia, akapanda lori lake akaenda zake na turubai halijafunguliwa.

Sasa sikilizeni alichoulizwa na msimamizi wa walinzi.

"Kwa nini hukupiga filimbi?"

"Alikuwa ameishika yeye, bosi."

"Basi ungepiga kelele."

"Kwa koo lipi?"

Msimamizi akasema asimjibu hivyo. Akamwambia geti si mahali pa mtu dhaifu, na kwamba likitokea jambo jingine la namna hiyo, kazi hana. Dereva naye alipoulizwa alisema ulikuwa utani, wakaupokea utani wake, na wiki iliyofuata akarudi kubeba mzigo. Mdogo akaomba basi filimbi aiweke mfukoni, asiivae shingoni. Akajibiwa, "Sare ni sare."

Alikuja kwangu siku hiyo na alama nyekundu shingoni kama mtu aliyevaa mkufu usiku kucha. Nikampaka mafuta.

Nilidhani watu wetu wa karibu watakuwa upande wake. Mumewe, shemeji yangu, ni kinyozi, mtu mwema, lakini maneno hupata mengi kwenye kile kiti chake. Mdogo aliposema anataka kutafuta mahali pa kujifunza kujilinda, shemeji aliweka kijiko chini. "Mwanamke akijua kupigana," akasema, "nani atamwoa?"

"Si umeshamwoa wewe?" nikamwuliza.

Akachukua kijiko, akaendelea kula.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha sala ndiye aliyeniumiza zaidi. Alinivuta pembeni akaniambia mwanamke mcha Mungu hagaagai na wanaume kwenye magodoro, na kwamba Mdogo aache kazi ile, akae nyumbani, Mungu atamlinda. Nikamwambia, "Mama Mwenyekiti, Mungu ninayemwomba mimi ndiye aliyempa mikono. Na nyumbani kwako mlango una kufuli." Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo maishani mwangu. Nilirudi nyumbani nikasali, nikatafuta majuto ndani yangu, nikayakosa.

Basi tukaenda kutafuta, mimi na yeye, maana shemeji alisema akienda asiende peke yake.

Mahali pa kwanza palikuwa ukumbi mzuri, sakafu inang'aa, wanafunzi wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Walipanga mistari wakarusha mateke hewani kwa pamoja, wakapiga kelele kwa pamoja. Mimi nilipapenda, paliniletea hisia za kwaya. Baadaye mwalimu alimwita kijana amshike shati, akazungusha mkono kidogo, na kijana akaruka akaanguka chini mbali kabisa. Watu wakapiga makofi. Mdogo akaninong'oneza, "Dada, hajaguswa yule. Kaanguka kwa adabu." Tulipomwuliza mwalimu habari ya mtu anayekabwa kwa kamba, akasema mambo hayo yanafundishwa ukishapata mkanda wa kijani.

"Na kabla ya huo mkanda nikikabwa?" Mdogo akauliza.

"Uwe na subira."

Mahali pa pili ndipo palinichemsha. Lilikuwa darasa la kina mama tu, kwenye chumba chenye vioo na muziki. Kijana mmoja mwenye misuli alitufundisha kumchoma mtu jicho kwa funguo na kumpiga magoti kunako, na kina mama wanacheka, wanachoma hewa, wanapiga magoti hewa, wanajipangusa jasho. Hakuna aliyemshika mwenzake hata kidole. Mwishoni kijana akatukalisha, akatuhutubia kwamba ulinzi wa kwanza wa mwanamke ni kuvaa nguo zisizobana na kutopita njia mbaya. Mdogo alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Amevaa suruali ya sare inayoingia watu wawili, buti, shati lililofungwa hadi juu. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "Mwanangu, huyu alikabwa akiwa amevaa hivi hivi unavyomwona, mchana, kwenye njia anayolipwa aisimamie. Alikosea wapi?" Akacheka kidogo, akasema kila kisa na mambo yake. Tukachukua mikoba yetu tukatoka.

Aliyetupeleka mahali pa tatu alikuwa shemeji mwenyewe, sijui ni dhamiri au ni maneno ya kwenye kile kiti. Kuna mteja wake mmoja, fundi magodoro, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye judo na mieleka. Watu wanamwita Kobe kwa sababu anatembea polepole na shingo yake huioni. Karakana yake nyuma ina uwanja mdogo, na Jumamosi mchana anatandaza humo magodoro mabovu yanayosubiri kushonwa, anafundisha yeyote anayekuja. Panapumulika kwa shida, vumbi la pamba limejaa. Hakuna nguo nyeupe.

Kobe hakuhutubia. Alimtazama Mdogo akamwuliza swali ambalo tangu siku ile hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, si msimamizi, si meneja wa kiwanda, si Mama Mwenyekiti.

"Alikukabaje?"

Mdogo akaeleza. Kobe akataka kujua mkono upi, kamba ilizungushwa mara ngapi, dereva alisimama mbele au ubavuni. Kisha akasema, "Kwanza kabisa, ukiweza, ivue hiyo kamba."

"Wamekataa."

"Wanaijua shingo yao hao?" Akaguna. "Haya. Hapa utashikwa kweli. Hakuna atakayekuonea huruma akakuachia, wala hakuna atakayeanguka kwa kukuheshimu. Ila ukigonga mkono hivi, mtu anaachia hapo hapo, hata kama ni mimi. Mtu asiyeachia ukigonga, huyo harudi hapa."

Mdogo aligonga mara nyingi siku hiyo. Kila kamba ikikaza kidogo alirudi nyuma, na akirudi nyuma ndivyo inavyomkaza zaidi. Akakaa juu ya godoro akalia. Kobe akamwacha alie, akaendelea kushona upindo wa godoro. Alipomaliza akamwambia, "Unamkimbia. Kamba iko mkononi mwake, utamkimbia uende wapi? Kidevu chini, mkono kwenye kamba, kisha mfuate. Anakuvuta, nenda. Mwingilie hadi umnuse kwapa. Mtu anayevuta amejiegemeza nyuma, hana miguu huyo. Mpige mtama akae chini, halafu umwachie, urudi nyuma, upige hiyo filimbi yao. Usibaki kumpiga. Tunajifunza ili ukale chakula cha jioni kwenu, basi."

Linasikika rahisi. Mwili wa mtu aliyekabwa unakataa kumsogelea aliyemkaba. Jumamosi baada ya Jumamosi Mdogo alikuwa anajua kwa kichwa la kufanya, na miguu inafanya lingine. Alishikwa na mpaka rangi mmoja mrefu, akashikwa na msichana wa duka la vipuri ambaye ni mwembamba lakini mikono yake kama koleo. Alirudi na michubuko kwenye viwiko. Akataka kujizoeza na katikati ya wiki pia, na wa kumkaba katikati ya wiki ni nani? Ni mimi.

Tulisogeza meza. Alinipa kamba ya pazia. Nilimwomba Mungu kwanza, nikasema Bwana nisamehe, namkaba ndugu yangu. Nikavuta.

"Dada, unanifunga tai?"

Nikavuta tena.

"Unavuta kama unachota maji kisimani. Nivute kwa hasira."

"Hasira ninayo, ila si na wewe."

"Basi fanya mimi ndiye msimamizi."

Hapo nilivuta. Nikashtukia niko chini kwenye mkeka, namtazama kutoka huko, na yeye amesharudi nyuma mikono mbele kama alivyofundishwa. Shemeji alikuwa mlangoni. Tangu siku ile kila akipita karibu na mkewe anajipitisha ubavu, na kazi ya kukaba ikawa yake. Kiuno changu kinamshukuru.

Yaliyotokea getini nimesimuliwa na Mdogo na nimesimuliwa na wafungashaji waliokuwa kwenye foleni ya kutoka, na maneno yao hayapishani. Ilikuwa jioni. Lori lile lile, dereva yule yule, turubai limefungwa. Mdogo akamwambia afungue. Dereva akashuka anacheka, akawapungia kina mama mkono kama mtu anayepanda jukwaani, akaikamata kamba.

"Leo tupige filimbi gani, Afande?"

Akavuta. Mdogo anasema hakufikiri lolote. Kidevu kilishuka chenyewe, mkono ukapanda, miguu ikamfuata yule bwana hadi kifuani kwake, na mguu wa dereva ukafagiliwa. Alikaa chini kwenye vumbi kwa kishindo, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayesubiri uji. Mdogo akachomoa kamba, akarudi nyuma, akapiga filimbi. Hakuongeza teke wala tusi. Walinzi wa geti la nyuma walikuja wakikimbia, wakamsaidia kuinuka. Simsemi Mdogo. Walimsaidia dereva kuinuka, wakampangusa vumbi.

Kesho yake Mdogo alisimamishwa kazi kwa kumshambulia mteja. Msimamizi alimwambia alishaonywa kuhusu jambo jingine kutokea getini, na jambo limetokea.

Nirudie, maana nilipoambiwa na mimi niliomba nirudiwe. Alipokabwa akashindwa, ni dhaifu, geti halimfai. Alipokabwa akashinda, ni mkorofi, geti halimfai. Aliyekaba mara zote mbili alikuwa njiani na mzigo wake. Huwa nawaombea watu wote, hata wanaonisema. Huyo msimamizi nilimfikia kwenye sala nikamruka, na Mungu anajua nilimruka.

Mdogo alivua sare akaikunja, akakaa kwangu siku nzima. Alikuwa haogopi tena kamba ya mtu, na geti lake limekwenda.

Jioni ile kengele ya kiwanda ililia, wafungashaji wakafika getini, wakamkuta mlinzi mwanamume amesimama mahali pake. Akawaambia wapite mmoja mmoja awapekue. Mama mmoja mnene aliyekuwa wa kwanza, wanamwita Bi Mizani, akamtazama mikono.

"Unapekua wewe?"

"Ni amri, mama."

"Kanuni iko ukutani pale, imeandikwa kwa herufi kubwa. Sipekuliwi na mwanamume. Na bila kupekuliwa sitoki, si ndivyo? Basi sitoki." Akatandika kanga chini akakaa, palepale getini. Walio nyuma yake wakakaa. Wakaletewa mfagizi wa ofisini, mwanamke, aambiwe awapekue. Akasema hajui kupekua na hataki kujua. Magari yaliyopakiwa yakawa hayapati pa kupita, madereva wanapiga honi, na kina mama wanasimuliana habari za mtama wa jana, mmoja anasimama kuonyesha, mwenzake anakaa chini akiwa dereva. Walicheka hadi meneja akafungua dirisha.

Simu ilipigwa kwangu. Mdogo akavaa sare yake ikiwa na mikunjo, tukaenda wote wawili haraka.

Meneja alitupokea amesimama getini, tai imelegea. Akamwambia, "Afande, rudi kazini. Tumeamua kusamehe. Ila tukio kama hilo lisirudiwe."

"Lisirudiwe lipi, bosi?" Mdogo akauliza, sauti ya kawaida tu. "Kukabwa au kujitoa?"

Nilimtazama meneja usoni nipate jibu. Alimtazama msimamizi, msimamizi akatazama malori. Hakuna aliyeomba radhi, na hadi ninapoandika hakuna aliyeomba. Dereva walimhamishia njia nyingine, huko nako nadhani kuna geti na kuna mtu amesimama.

"Haya, fungueni njia," meneja akasema, akarudi ofisini.

Mdogo akavaa kofia. Bi Mizani akainuka, akakung'uta kanga yake, akanyoosha mikono pembeni apekuliwe. "Taratibu, Afande," akamwambia, "mimi sijakuvuta."