Vitambaa Vyekundu vya Ghala la Karanga

Vile vitambaa vyekundu nilivifungua mimi. Kwa miaka mingi, kila habari za ghala la Malaba zilipozuka, nilisema vilifunguliwa na wafagiaji, na nikibanwa zaidi nilisema labda ni upepo. Upepo haufungui fundo. Nilivifungua kimoja kimoja, jioni ya siku iliyotangulia ukaguzi, nikavitupa kwenye pipa la maganda, kisha nikanawa mikono kwa sabuni. Kabla ya leo nimewahi kumkiria mtu mmoja tu, tena kwa simu, na kukiri kwenyewe hakukusaidia chochote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na shahada ya fasihi na sikuwa na kazi. Nilikaa nyumbani Butula mwaka mzima, mama yangu akinitambulisha kwa wageni kuwa ndiye binti yake aliyemaliza chuo kikuu, na wageni wakinitazama mimi, kisha jembe nililoshika, kisha wakibadilisha mazungumzo. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa karanga aliyesali na baba yangu akanichukua nimpigie barua taipu. Tulimwita Mzee. Ghala lake lilikuwa Malaba, nyuma ya barabara ambako malori yalipanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Alinunua karanga za upande wetu na za wachuuzi waliotoka ng'ambo ya mpaka, akina mama wakazichambua, na mzigo ukaenda kwa mnunuzi wa Mombasa ambaye naye aliuza nchi za nje.

Siku moja mnunuzi huyo akaandika kwamba kuanzia msimu ujao atanunua tu kwa wenye cheti cha kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Mzee aliisoma barua mara mbili, akanipa.

"Mwalimu," akasema, maana aliniita hivyo ingawa sijawahi kumfundisha mtu chochote, "hii cheti inauzwa wapi?"

Nikamwambia hakiuzwi, kinafanyiwa kazi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Mzee akanipeleka Nairobi kwa semina ya siku tatu ili nikajue kweli.

Kabla sijafika Nairobi niseme juu ya yule ambaye ghalani sote tulimwita Mama. Alikuwa mkubwa wa wachambuaji, mjane kutoka Namboboto, mwenye darasa la tatu na chumba cha kupanga karibu na reli. Kibarua kile ndicho kilichowalipia wanawe karo. Hakuna gunia lililoingia ghalani bila yeye kukubali. Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa karanga chache zenye maganda, akazitikisa kando ya sikio. Karanga iliyokauka hulia ndani ya ganda lake. Isiyokauka hunyamaza, na baada ya wiki mbili katika ghala la joto huota kuvu na kuharibu majirani zake.

Nakumbuka mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo akilalamika, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Nyabo, hiyo imekauka. Kwani unataka ilie kama kengele?"

"Ilie," Mama akamjibu, bila kuondoa mkono sikioni.

"Basi na wewe ungekuwa padri."

"Ningekuwa padri ungetubu hiyo gunia yako kwanza."

Gunia lililonyamaza alilifunga kitambaa chekundu kwenye pembe, kilichochanwa kutoka kanga kuukuu. Lenye chekundu halikupangwa na mengine. Lilikwenda uani, likamwagwa juu ya turubai, likaanikwa, na ni Mama peke yake aliyeruhusiwa kufungua kile kitambaa. Wapagazi walikuwa watu wa kubishana juu ya kila kitu, hata juu ya nani alizaliwa kabla ya nani, lakini juu ya kitambaa hawakubishana.

Kule semina, mkufunzi alituambia kwamba kiini cha viwango hivi kina sehemu tatu: andika unachofanya, fanya ulichoandika, onyesha ushahidi. Ya pili na ya tatu niliziandika kwenye daftari kwa wino mzuri. Ya kwanza sikuisikia. Nilikuwa bado kwenye foleni ya chai, na kulikuwa na sambusa. Niliinakili baadaye kwa jirani yangu, lakini nilinakili sentensi tu, si maana yake.

Nikarudi Malaba na kuandika mwongozo kwa mwezi mzima. Ukurasa wa kwanza ulisema umeandaliwa kwa kushirikiana na wafanyakazi wote. Sikumuuliza mfanyakazi hata mmoja. Nilitoa maneno kwenye karatasi za semina na mengine kichwani, na yale ya kichwani ndiyo yaliyopendeza zaidi. Niliandika kwamba ukavu wa karanga utapimwa kwa mita ya unyevu, na kwamba mpimaji atakuwa mtu mwenye ujuzi na cheti cha kidato cha nne. Hakuna aliyeniagiza kuweka kidato cha nne. Nilidhani kinaupa ukurasa heshima.

Mita yenyewe Mzee aliinunua Nairobi. Niliifungia kwenye mtoto wa meza yangu ili vumbi la karanga lisiiharibu.

Sitaki mtu afikiri viwango vile vilikuwa upuuzi. Zamani mnunuzi alipolalamika kwamba amekuta ndara ndani ya gunia, tulicheka tu, kwa sababu ndara ingeweza kuwa ya mtu yeyote kuanzia Amagoro mpaka Tororo. Tulipoanza kuandika namba kwenye kila gunia, lililofuata kuwa na mawe tulilifuata mpaka kwa mwenyewe, akaja akaomba radhi na kofia mkononi. Vumbi la maganda, ambalo tulizoea kulimwaga mtaroni mpaka maji ya mvua yakarudi ndani ya nyumba za watu, tuliwapa wafugaji wawatandikie kuku wao. Akina mama wakapewa vitambaa vya pua na kikohozi cha mchana kikapungua. Ufunguo wa ghala, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari mahali mbuzi angeweza kuufikia, ukapata mtu mmoja wa kuujibia. Tukaweka na daftari la wageni getini. Mkulima mmoja mkongwe aliyetuuzia karanga tangu mwanzo alitakiwa aandike jina lake na shughuli yake. Aliandika: ni mimi, nimekuja. Hata hivyo, tangu hapo tulijua nani kaingia. Kwa hiyo nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi karatasi inavyoweza kusaidia watu, na hilo ndilo lililonipa kiburi.

Wiki ya ukaguzi wa kupewa cheti niliwakusanya akina mama niwafundishe majibu.

"Mkaguzi akiuliza mnajuaje karanga imekauka, mtasema?"

"Kwa mita," wakaitikia kama watoto wa shule.

Mama akainua mkono. "Hiyo mita mimi sijaiona, mwalimu."

"Utaiona."

"Ni ya kuuma ama ni ya kusikiza?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaendelea na swali la pili. Ningemwita mezani dakika kumi, nikafungua ule mtoto wa meza, hadithi hii isingekuwapo.

Jioni ile, watu walipokwisha kwenda, nilitembea ghalani nikiwa na picha moja kichwani. Ilikuwa kwenye karatasi za semina: ghala la nchi fulani yenye baridi, magunia yamenyooka, sakafu inang'aa. Kwetu, karibu na mlango, palikuwa na magunia saba yanayongoja kwenda uani, kila moja na kipande chake cha kanga iliyochakaa. Niliona aibu. Niliona matambara. Nikavifungua.

Asubuhi wapagazi walifika mapema, wakaona magunia saba hayana chekundu, wakayapanga pamoja na makavu, kwa haraka na kwa ustadi, maana mgeni anakuja. Mama alifika akasimama mlangoni akihesabu kwa macho.

"Mwalimu, vitambaa viko wapi?"

Gari la mkaguzi lilikuwa limeshaingia getini.

"Baadaye, Mama," nikasema.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekataa soda mpaka amalize kazi, na hilo pekee lilimtisha Mzee. Aliangalia namba za magunia, akasifu. Akasoma daftari la wageni, akatabasamu mahali nilipojua. Kisha akamwendea Mama, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza anajuaje kwamba karanga imekauka.

Mama alinitazama kwanza.

"Kwa mita."

"Naomba unionyeshe, Mama."

Nilikimbia ofisini, nikarudi na mita. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaitazama chini, akaitazama juu. Kisha akafanya lile ambalo mkono wake ulikuwa umelifanya kila siku tangu ghala lifunguliwe: aliiweka kando ya sikio akaitikisa.

Wapagazi waliangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alitoa mita yake mwenyewe mfukoni, akapima gunia la kwanza, la pili, na la tatu likawa bichi. Akauliza tunayatenga vipi magunia mabichi. Mwongozo wangu ulisema yatatengwa. Haukusema wapi wala kwa alama gani. Mama alifungua mdomo, akanitazama tena, akaufunga. Alikuwa ananingoja. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipaka rangi kwa ajili ya siku ile.

"Ni makosa yangu," Mama akasema. "Hapa mimi ndiye mkubwa."

Ripoti ilikuja na sifa nyingi na kasoro moja kubwa: mpimaji hana ujuzi unaotakiwa na mwongozo, ndiyo sababu mabichi yamechanganyika na makavu. Tulipewa mwezi mmoja kurekebisha. Mzee alinisomea huku akigonga meza kwa kidole, akasema amemwambia binti wa dada yake aanze Jumatatu. Amemaliza kidato cha nne.

"Mzee, nipe wiki moja nimfundishe Mama. Ile mita si ngumu."

"Na cheti cha fomu foo utamfundisha kwa wiki moja?"

"Hiyo nitaifuta kwenye mwongozo."

"Nani aliandika? Ni mimi?"

"Ni mimi."

"Basi kwanza cheti cha ghala, halafu utafuta. Mwalimu, karatasi ni yako, mimi naifuata tu." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake ya kufunga mlango. Akatia sahihi fomu ya marekebisho, akapiga muhuri, akanipa niipeleke posta. Nikaipeleka. Juu ya vitambaa sikumwambia neno.

Mama aliondoka Ijumaa. Alikuja ofisini akiwa amebeba kibao chake cha kukalia.

"Usijali, mwalimu. Hata mimi ningetafuta mtu anajua kusoma. Lakini huyo msichana mwambie mkono uingie mpaka hapa." Akagusa kiwiko. "Juu wachuuzi huwa wanaweka kavu."

Nilisema nitamwambia. Hakuniuliza tena vitambaa vilienda wapi, na nilijua ni kwa sababu alikwisha kujua. Aliendelea kusimama mbele yangu kidogo, nadhani akinipa nafasi ya kusema. Kisha akasema anarudi Namboboto kulima, akaenda kutafuta baiskeli ya kumpeleka stendi na kile kibao.

Majuma mawili baadaye simu ya ofisini ililia. Mzee alikuwa ameketi mbele yangu akibangua karanga. Aliyepiga alikuwa mkaguzi, kutoka Nairobi, na laini ilikuwa inakwaruza.

"Nafunga faili lenu leo," akasema. "Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kwenye pipa la maganda niliona vitambaa vyekundu, vyote vimechanwa kipimo kimoja. Vilikuwa vya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia vilikuwa vya nani, viliwekwa lini, nani aliruhusiwa kuvifungua, na nani alivifungua. Nilizungumza kwa Kiingereza, ili Mzee asifuate yote.

"Kwa hiyo alikuwa na utaratibu," mkaguzi akasema.

"Alikuwa nao."

"Na watu waliufuata?"

"Kila mtu."

"Mbona hukuuandika?"

"Sikumuuliza."

 Akaniambia, polepole, kwamba kiwango hakikudai mita popote. Kilidai tujue tunachofanya, tukifuate na tukihakiki. Mita ingetosha kuhakiki lile sikio mara moja kwa wiki. Yule mama, akasema, ndiye angekuwa ushahidi wetu bora.

"Anaweza kurudi?" nikauliza.

"Fomu imefika kwangu na muhuri, inasema nafasi imejazwa. Naweza kuirudisha. Lakini basi lazima nije tena tuanze upya, na tarehe iliyo wazi ni baada ya msimu. Ama nifunge, cheti kitoke wiki hii. Niambie wewe."

"Anasema nini?" Mzee akauliza, mdomo umejaa karanga.

Dirishani niliwaona akina mama wameinama juu ya nyungo, vitambaa vya pua vimefungwa vizuri kama nilivyowafundisha. Mnunuzi wa Mombasa asingengoja msimu uishe. Yule binti alikuwa katikati yao, ameshika mita, anaichomeka juu juu tu kwenye gunia.

"Madamu," mkaguzi akasema, "nifanyeje?"

"Funga," nikasema.