Kambi Iliyokuwa Kwenye Ramani

Mwanangu, iko siku ya ujana wangu ambayo hata leo sijaisahau. Miaka ya sabini nilikuwa kibarua wa mradi wa maji kule Kibwezi. Tulikuwa na mashine ya kutafutia mabomba ya chuma yaliyofukiwa ardhini. Ukiipitisha juu ya chuma au shaba, inalia. Ofisini kulikuwa pia na ramani kuukuu za wakati wa mkoloni. Katika moja niliona pameandikwa kambi ya jeshi, mahali ambapo sasa palikuwa malisho ya mbuzi tu. Nikawaza kwamba walipolala askari hapakosi sarafu na vifungo vya shaba. Nilitamani sana kumwezekea mama nyumba kwa mabati.

Jumamosi moja nikaichukua mashine bila ruhusa, nikaenda peke yangu. Ramani haikunidanganya. Niliyakuta mawe ya kambi yamepangwa mstari, na hatua chache mbele mashine ikalia kwa nguvu. Nikashika jembe.

Bibi mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akaja kuniuliza natafuta nini. Baadaye nilimjua kwa jina la Susu Kalondu. Susu kwetu Ukambani ni nyanya. Nilimkunjulia ramani kwa kiburi, nikamwambia kila kitu kimeandikwa humo. Hakujua kusoma, lakini aliitazama kwa muda.

"Aliyeandika hii alipita tu," akasema. "Mimi nilibaki. Kaka yangu alichimba hapa, tukamzika bila mikono."

Sikutaka kusikia. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nikainua jembe. Naye akasogea polepole, akasimama pale pale nilipotaka kupiga.

"Basi anza na miguu yangu."

Nikaliweka jembe chini, mwanangu. Tulikwenda pamoja kupiga ripoti polisi. Wanajeshi walipokuja walifukua kombora la vita ambalo halikuwa limelipuka, refu kama mkono wa mtu mzima, wakalilipua korongoni. Kazi nilifukuzwa, na ilikuwa haki.

Sikukatazi ramani. Soma, kwa maana inaonyesha mahali. Lakini yaliyotokea mahali hapo yako kwa mwenyeji, na kuuliza si ujinga. Kabla hujachimba ardhi ya watu, mtafute aliyezika mtu wake hapo.

Mwenyezi Mungu akupe watu wa kukuzuia, na akupe moyo wa kuwasikia.