Kororo wa Hitima ya Mama

Siku ile tulikuwa sita: bibi, aliyeketi mkekani na mguu wake uliovimba; mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kutusomea Yasini; jirani wa nyumba ya pili, aliyetuazima sufuria; wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike; na mimi, dada yao. Nawataja wote kwa sababu wote walikula, isipokuwa mmoja, na hao ndio wanaonidai.

Juzi nilikwenda kijijini kwetu, chini ya milima ya Amani. Nikipita pembezoni mwa msitu nikasikia makucha yakichakura majani makavu. Nikasimama kama mwizi.

Huenda wewe hujapata kumwona kororo. Ni jamaa yake kanga, lakini ukiwaweka pamoja, kanga ataonekana kavaa nguo za shamba. Kororo ni mweusi, na mwili mzima kanyunyiziwa vitone vya samawati. Shingo yake ni ya buluu, haina nyoya. Koo jekundu, jicho jekundu, na utosini ana kishungi kilichojikunja kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Kuruka hapendi. Hutembea chini kwa kundi, mmoja nyuma ya mwingine, na huwafuata kima. Kima akiwa juu ya mkuyu huuma tunda mara moja akalitupa, na kororo huliokota. Bibi alikuwa akisema, "Kaa chini ya mlafi, hutalala njaa."

Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la tano. Ilikuwa miaka ile ya dhiki. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji tu, nguo tulifulia majani ya mpapai, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tuliupangia foleni tangu alfajiri. Nikajifunza kuwasikiliza kima. Walipopiga kelele kwenye mkuyu mkubwa, nilitega matanzi ya katani chini yake. Aliyenasa nilimkimbiza akiwa hai kwa mwalimu, kwa maana yeye ndiye aliyechinja kwa mtaa wote. Kwetu mwanamke hakushika kisu cha kuchinja.

Ilipofika hitima ya mwaka ya mama, tulikuwa na unga wa muhogo na nazi mbili, basi. Bibi akaniambia, "Mama yako hatasomewa, watu wakaondoka na midomo mikavu." Hakuniambia nifanye nini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Asubuhi nikaenda mtegoni na mdogo wangu wa kiume. Kororo alikuwapo, tanzi limemkaba shingoni, jicho lile jekundu limefifia. Nilipomshika alikuwa wa baridi.

"Dada, kishakufa."

"Amezimia."

"Mbona harushi miguu?"

Nikatoa kisu nilichochukua cha kukatia kamba. Nikasema bismillahi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nikamkata. Damu haikuruka. Yalitoka matone machache, meusi, mazito. Nikampaka nayo shingoni ili ionekane kachinjwa akiwa hai.

"Ukisema, huli," nikamwambia.

"Sili," akajibu.

Baada ya adhuhuri nikapakua bada, ugali wa ule unga wa muhogo, na mchuzi wa nazi. Harufu ilijaa ua mzima. Jirani akafunua sufuria yake akacheka: "Nyie, hii hitima au harusi? Mchuzi huu utamwoza mtu." Mwalimu akanawa, akanyoosha mkono, akausimamisha.

"Sikuletewa mimi huyu. Kachinja nani?"

"Mpita njia, mwalimu. Mzee mmoja alikuwa anakwenda Muheza."

"Mungu amlipe," akasema, akatia tonge mdomoni.

Mdogo wangu alishika tumbo, akasema linamkata. Bibi alifyonza mifupa mpaka ikawa myeupe. Nami nilikula. Ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya.

Miaka ya ruhusa ikaja, maduka yakajaa sabuni na sukari, mitumba ikafika mpaka kwetu. Wadogo zangu nikawasomesha kwa vibarua vya mashamba ya chai. Mkuyu ulikatwa ukawa mkaa, na kima wakahamia juu mlimani. Bibi alifariki, mwalimu naye. Mdogo wangu wa kike hajui lolote mpaka leo, na wa kiume hajanikumbusha hata siku moja. Ila akija kwangu, nikimwekea nyama, huuliza kwa upole, "Kachinja nani?" Anayekula asijue hana dhambi, hivyo ndivyo mwalimu mwenyewe alivyotufundisha. Basi mzigo wote ni wangu.

Juzi hiyo nilikuwa nakwenda kwa jirani, aliyebaki peke yake kati ya wakubwa wa siku ile. Macho yake hayaoni tena. Njia nzima nilijipanga maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako naijua." Akanishika mkono. "Nilikuwa naukumbuka mchuzi wa hitima ya mama yako. Na yule mzee aliyekuchinjia, wala jina hatukumuuliza. Kila nikimaliza kuswali namwombea pepo."

Nikafungua kinywa.

"Amin," nikasema.

Nikamwachia sukari niliyomletea, nikapita tena pale pembezoni mwa msitu. Sikusimama. Leo naandika haya, adhana ya alasiri imekwisha, na najua sasa hivi yuko kwenye mswala wake anamwombea mtu ambaye hakuwahi kuwapo.