Aidini Isiyokitia Kiazi Weusi

"Kama humu ndani kuna aidini, mbona nyeupe?"

Bibi aliniuliza hivyo nilipokuwa mtoto, jikoni kwake Nyololo, ameishika pakiti ya chumvi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Jana, dukani hapa Mbeya, nilisoma maandishi yaleyale ya pakiti ile, "chumvi yenye madini joto", nikacheka peke yangu hadi muuzaji akanikodolea macho.

Unaijua baridi ya kwetu: ukungu mpaka saa nne, moshi wa kuni, viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Bibi alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo alioufunika kwa mtandio. Siku mwalimu wa sayansi alipotupapasa shingo darasani, kwangu mkono wake ulisimama.

"Wewe umeanza rovu. Mwambie bibi yako aache chumvi ya mawe, atumie yenye madini joto. Hayo madini ndiyo aidini."

Pakiti niliifikisha, bibi akakataa kuifungua. Aidini aliijua: ile dawa ya kahawia ya zahanati, iliyomchoma kidonda akapiga yowe. "Nikupikie hiyo, mjukuu wangu? Ikuunguze utumbo?"

Mimi mbishi tangu zamani. Shuleni tulishaona aidini ikidondoshwa kwenye kiazi, kiazi kikageuka bluu-nyeusi. Basi nikakata kiazi kilichopoa, nikakinyunyizia ile chumvi, tukakitazama, vichwa vimekaribiana juu ya sahani.

Kikabaki cheupe.

Nilitaka kulia. Kumbe mwalimu muongo, na shingo yangu itavimba. Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Haya, mtaalamu! Hamna aidini humo. Na kama hamna, basi haina ubaya. Tia kwenye mboga."

Tukaila miaka yote niliyokaa naye. Shingo yangu ikatulia; rovu lake, la siku nyingi, likabaki vilevile. Jiko lile limeshabomolewa, na hakuna tena anayeniita mtaalamu kwa kunikejeli nikafurahi.

Chuo kikuu ndiko nilikoelewa. Aidini tupu ndiyo inayochoma, ndiyo inayokitia kiazi weusi. Ya kwenye pakiti haikuwa tupu: imeungana na potasiamu na oksijeni, imekuwa chumvi nyingine kabisa, nyeupe, isiyounguza wala kubadili rangi ya kiazi. Ilikuwamo muda wote. Bibi alinilisha akiamini haimo.