Ripoti ya Nyumba ya Ziwani

Mwaka 2012 kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba kuukuu za kando ya Ziwa Ontario, zile ambazo wenye nafasi wa Toronto walizijenga zamani ili wakimbilie huko joto la kiangazi likizidi. Nilipima, nikapiga picha, kisha nikaandika ripoti kusema kama nyumba inastahili kuhifadhiwa kama kumbukumbu au iachwe ivunjwe. Usanifu majengo nilikuwa nimeusomea Dar es Salaam, na kibali changu cha kazi kilimtaja mwajiri mmoja tu. Akiniacha, narudi kwetu. Bosi alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua, kwa hiyo nilicheka vichekesho vyake vyote, hata vile visivyochekesha.

Ile nyumba ya Etobicoke, upande wa magharibi wa Toronto, niliikuta imeharibiwa vibaya. Baraza ya mbele ilikuwa imezibwa kwa mbao, kuta za nje zimevishwa plastiki, madirisha ya zamani yameng'olewa. Kabla sijabisha hodi nilishaihukumu moyoni: ivunjwe tu.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Aliniuliza natoka wapi, na nilipomtajia Morogoro akaachana na Kiingereza palepale. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba kwa kuivuta, kama mtu aliyekaa nayo miaka bila wa kumpa.

Shida yake alinieleza mapema. Magoti yamekwisha, na chumba cha kulala na bafu vyote viko juu. Ngazi ilikuwa nyembamba na imesimama mno, kwa hiyo alishuka mara moja kwa siku, amekaa kitako, kidato kwa kidato. Binti yake alikuwa akiishi Pickering, mji wa jirani, kwenye fleti ya ghorofani na watoto watatu. Nyumba hii ikiuzwa, wangenunua pamoja nyumba isiyo na ngazi. Mnunuzi alikuwepo, ila alitaka kiwanja, si jengo. Likihifadhiwa, anaondoka.

"Andika ni takataka tu, mwanangu," aliniambia.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu ndivyo nilivyoamini.

Hapo ningeaga. Lakini mtoto aliyelelewa hafungi karatasi zake na kumwacha mtu mzima ghafla kwa sababu kazi imekwisha. Unakaa, unakunywa chai, unamwuliza habari za zamani. Nikauliza. Akanieleza kwamba mumewe aliipendea nyumba hii ziwa, akisema ni Mwanza iliyomwagiwa barafu. Kisha Wahindi walipofukuzwa Uganda, familia baada ya familia zilifikia hapa. Walilala barazani, ndiyo maana ikazibwa. Walisali sebuleni. Mtoto mmoja alizaliwa pale nilipokuwa nimekaa. Alifungua kabati la jikoni akanionyesha, nyuma ya mlango wake, zamu za kuoga zilizoandikwa kwa penseli, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili. Tulicheka sana. Nikapiga picha.

Katika kazi yetu, uzuri wa jengo haukuwa kigezo pekee. Historia ya watu waliolikalia ilitosha yenyewe kulihifadhi. Jumatatu nilikaa mbele ya kompyuta nikijua kwamba naweza kuyaacha yote yale, wala hakuna ambaye angejua. Lakini bosi alikuwa amesema ripoti zangu ni kavu, na fomu ya kuongeza kibali changu ilikuwa mezani kwake bila sahihi. Tena nilitamani watu wetu waandikwe mahali fulani katika mji huu. Nilijiambia kwamba namheshimu yule mama. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa, na pia nilikuwa najisikia. Niliandika yote, kurasa sita. Bosi alinisifu mbele ya ofisi nzima, akatia sahihi, nikapata miaka miwili mingine ya kucheka vichekesho vyake.

Miezi kadhaa baadaye mjane alinipigia simu. Amepata barua ya serikali ya mji, Kiingereza chake kigumu, niende nimsomee. Nadhani nilikwenda ili anitukane yaishe. Tulisimama chini ya ngazi nikamsomea kwa Kiswahili: nyumba imehifadhiwa, haivunjwi. Zikafuata sababu. Nilipofika kwenye zamu za kuoga alinishika mkono nisiendelee.

"Haya nilimwambia nani?"

"Uliniambia mimi, mama."

"Nilikuambia wewe," akasema. "Serikali sikuiambia."

Roho ilinisuta hadi nikashindwa kumtazama. Nikaanza kueleza habari za rufaa, kwamba naweza kumwandikia barua, kwamba pengine atatokea mnunuzi mwingine. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akaipa ngazi mgongo, akakaa kwenye kidato cha kwanza, akaanza kujivuta juu. Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Alipofika katikati alipumzika, akaniambia nivute mlango nikitoka, maana yeye leo hashuki tena.