Kanyiva na Kipande Chake cha Mtaro

Kanyiva alikuwa na miaka hamsini na tisa wakati wanawake wa mwethya wake, kule Mukuyuni, walipomnyang'anya jembe. Mwethya ni majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Wao hukutana kila Alhamisi kwenye shamba la mmoja wao kuchimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua. Machi hiyo Kanyiva aliingia mtaroni, akachimba hatua mbili, akashindwa kutoka. Wawili walimvuta kwa mikono. Mwenyekiti wao, Katunge, alimwambia kwa upole, "Mama Nthiwa, wewe sasa utakuwa unatupikia chai."

Mgeni angedhani ni heshima. Kumbe chai hupikwa na vikongwe na wenye mimba ya miezi tisa. Kanyiva aliipika mpaka mvua ikaanza, na kila alipokoroga sufuria alikasirika upya.

Hakuwa mvivu. Duka lake la leso na sare za shule lilimkalisha kitini kutwa nzima. Maji aliyoyabeba mgongoni ujanani sasa yalimfuata jikoni kwa mfereji. Jioni alijitupa kwenye kochi mbele ya televisheni, na hapo ndipo siku ilipoishia.

Nesi mmoja wa hospitali ya mjini Wote aliyempima presha alimshauri afanye mazoezi. Kanyiva alicheka. Kwa ufahamu wake, mazoezi yalikuwa ya watu wa Nairobi wasio na shamba. Nesi alikuwa na foleni ndefu mlangoni, hakubishana. "Si lazima ukimbie, mum. Matangazo ikianza kwa TV, simama. Kaa. Simama tena bila kushika kitu. Ikiisha, endelea na kipindi yako."

Jioni ya kwanza alisimama mara tatu. Mara ya nne alishika kochi. Mumewe, Mbaluka, mwalimu mstaafu asiyeweza kuona kosa akanyamaza, alishusha gazeti.

"Hiyo ya nne siihesabu."

"Na nani amekuita refa?"

Hakuna aliyemwita, lakini alihesabu kila jioni, na hakuwahi kumwongezea hata moja.

Kufikia Julai zilikuwa kumi na mbili kila matangazo yalipokuja. Akingoja maziwa yachemke, aliegemea ukuta wa jikoni kwa viganja na kujisukuma. Jumapili baada ya ibada alipanda na kushuka ngazi ya mlango, pakiti ya unga kila mkono, huku kwaya ikiimba redioni. Hakuna zoezi lililozidi dakika tano. Wenzake wa mwethya hakuwaambia neno. Aliogopa kushindwa tena mbele yao, na safari hii akiwa amejaribu.

Oktoba zamu ilikuwa ya shamba la Nduku, mmoja wao. Kanyiva alifika na jembe. Katunge aliwapimia wengine urefu wa kuchimba kwa fimbo, fimbo tatu kila mmoja, yeye akampimia mbili. Kanyiva aliichukua ile fimbo, akaongeza ya tatu mwenyewe, akaanza kuchimba.

Alikuwa wa mwisho. Wenzake walikuwa wameshakaa kunywa chai na yeye bado anatupa udongo juu. Desturi ni kwamba aliyemaliza humsaidia aliyebaki, basi mmoja akaja na jembe lake. Kanyiva alimtazama tu, yule akarudi kwenye kikombe chake. Kipande kilipoisha alipanda ukingo kwa goti moja, kisha la pili, akasimama juu bila kushikwa na mtu.

Katunge alikuja kukagua. Alitembea kando ya mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho, akasonya.

"Mama Nthiwa, hii ni kuchimba ama ni kukwaruza? Angalia hapa, ni nyembamba. Maji ikikuja itaruka yote iende kwa mahindi ya Nduku. Rudi upanue."

Hivyo ndivyo alivyomgombeza kila mtu, na alikuwa ameshasogea kumgombeza mwingine. Kanyiva alirudi mtaroni. Akainama na kuchimba ili wasimwone akitabasamu.